Naombeni ushauri: riwaya ni ya Kikristo, lakini baba wa mhusika wangu anatukana. Tusi libaki au litoke?

Kalamu ya Usiku

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeandika riwaya kwa miaka 4, usiku watoto wakishalala. Ni habari ya binti aliyelelewa na baba mlevi, akaondoka nyumbani, akaokoka ukubwani, kisha akarudi kumuuguza baba yule yule mpaka akafa. Mswada una sura 22 na umekamilika. Niliwapa watu wawili wausome, na tangu hapo nimekwama.

Wa kwanza ni mama mmoja wa kanisani ninayemheshimu sana. Ameurudisha akiwa amepiga mstari mwekundu chini ya kila tusi. Nimeihesabu mistari hiyo, iko 17. Pembeni ya sura ya 3 ameandika: "Mwanangu, hapa nitamsomeaje binti yangu?" Wa pili ni rafiki yangu ambaye hajaokoka. Yeye anasema nikiyatoa matusi, baba atabaki kuwa mzee mkali tu kama wazee wengine wakali, na msamaha wa mwisho utakuwa mwepesi, maana msomaji hatakuwa ameona kilichosamehewa.

Sura ya 3 ndiyo inayoninyima usingizi. Binti ana miaka 13, amechelewa kurudi kutoka mazoezi ya kwaya. Baba yuko mezani. Anamwita malaya mbele ya wadogo zake, halafu anaongeza tusi la nguoni la kumtaja mama yake. Nimeliandika lote, neno kwa neno. Sikulibuni. Niliambiwa mimi, kwa maneno hayo hayo. Nikilifuta, naona kama naendelea kumtunzia marehemu siri yake. Nikiliacha, naona nimelitamka mimi kwa mkono wangu, na Waefeso 4:29 naijua kwa moyo tangu Shule ya Jumapili.

Mwandishi anayeandika tusi la mhusika, ametukana? Na likitoka, uchungu ule unaandikwaje? Naomba hasa wenye uzoefu wa kuandika au kuhariri, lakini hata msomaji wa kawaida nitamsikiliza.

Mtumwa wa Neno

Dada, toa yote 17. Mstari ulioutaja unasema neno lolote lililo ovu lisitoke vinywani mwetu, na haukuweka mlango wa nyuma kwa ajili ya hadithi. Yakobo 3:10 inashangaa baraka na laana kutoka katika kinywa kimoja. Kalamu nayo ni kinywa. Biblia haina matusi hata moja, na imewageuza watu wengi kuliko riwaya zote duniani. Pole sana kwa uliyopitia, nasema kwa upendo.

Mfasiri

Mtumishi, hapo kwa "Biblia haina matusi" naomba tusimame kidogo, maana nimefanya kazi ya tafsiri miaka mingi na jambo hili nimekutana nalo uso kwa uso.

Fungua Wafilipi 3:8 katika Biblia ya Union. Paulo anasema mambo yote anayahesabu kuwa kama mavi ili ampate Kristo. Neno lake la Kigiriki ni *skubala*, na katika Agano Jipya lote limetokea hapo tu. Lilikuwa kali kiasi gani masikioni mwa Wafilipi, wasomi bado wanabishana, na tafsiri nyingine zimelilainisha likawa "takataka". Watafsiri wetu wa Union hawakulilainisha.

Lakini upande wa pili nao upo, na huo ndio utakaokusaidia dada. Katika Ayubu 2:9 mkewe anamwambia amkufuru Mungu, akafe. Ndivyo tunavyosoma sisi. Kwenye Kiebrania neno lililoandikwa pale ni "mbariki". Aliyeandika hakutaka kuliweka neno la laana kando ya jina la Mungu, akaweka kinyume chake, na kila msomaji akaelewa. Hiyo ni tafsida ya zamani sana, nayo imo ndani ya Maandiko yenyewe.

Tazama pia Mathayo 5:22. Kigiriki kinalitaja tusi lenyewe, "Raka". Union haikulitaja; imesema "akimfyolea ndugu yake". Tusi limegeuzwa kuwa kitendo, na hukumu yake haikupungua hata kidogo.

Na usiku ule Petro alipomkana Bwana, Mathayo 26:74 inasema alianza kulaani na kuapa. Alilaani kwa maneno gani? Hatukuambiwa. Kila ninapofika hapo husikia aibu ya mtu yule, na sijawahi kuhisi nimepunjwa.

Mhariri wa Zamani

Nitajibu kikazi, kwa kuwa ndicho ulichoomba.

Wachapishaji wengi wa vitabu vya Kikristo hawapokei matusi ya nguoni kabisa, na mara nyingi huliweka wazi katika maelekezo yao kwa waandishi. Usilichukulie kama hukumu juu ya roho yako. Mzazi hununua kitabu chenye nembo ya mchapishaji wa aina hiyo na kumkabidhi mtoto bila kukisoma kwanza. Ni imani iliyojengwa polepole, na kitabu kimoja kinatosha kuibomoa. Kwa hiyo amua kwanza kitabu ni cha nani. Kama unataka yule mama amsomee binti yake, umekwisha kujijibu nusu.

Sasa ufundi. Usiweke nyota wala nukta katikati ya neno. Msomaji atasimama akisie herufi zilizofichwa, na muda huo ametoka chumbani kwako, hamwoni tena yule binti. Usiweke tusi bandia pia. Mlevi aliyepandwa na hasira akisema "ewe mtoto usiye na adabu", hakuna atakayemwamini, na asipoaminika hapo hataaminika atakapotubu.

Rudi kwenye mistari 17. Kila tusi liulize: limemfanya nini mtu aliyelisikia? Lile lisilomfanya mtu lolote ni pambo la kuonyesha kwamba mwandishi anajua maisha ya mtaani. Hilo lifute bila kulililia. Yatakayobaki yatakuwa machache, na ndiyo yenye kazi.

Halafu jambo lisilohusiana na mistari myekundu. Tafuta katika mswada wako maneno "haki ya Mungu". Utuambie yako mangapi.

Kalamu ya Usiku

Nimerudi. Nimekaa na mswada jioni nzima.

Kati ya 17, 9 ni ya marafiki wa baba kilabuni. Nimeyafuta na kusoma sura upya, hakuna kilichopungua. Mengine 5 ni ya mwenye nyumba. Nimebakiza "mshenzi" mara moja, inatosha. Yamebaki 3, yote ya baba, yote sura ya 3.

"Haki ya Mungu" iko mara 31. Mhusika mkuu anaisema hata baada ya kuokoka, tena kwa mambo madogo, kwamba haki ya Mungu hakuchukua ndoo. Hakuna mstari mwekundu hata mmoja chini yake. Mimi mwenyewe sikuwahi kuiona. Nimeshtuka sana.

Mzee wa Zaburi

Binti yangu, umeshtuka mahali panapostahili. Amri iliyo katika Kutoka 20:7 haihusu maneno ya chooni, inahusu jina la Bwana kutajwa bure. Nimekaa kwenye mabaraza ya kanisa miaka mingi na nimeona tukimfukuza kijana kwa tusi moja, huku sisi wenyewe tumeapa kwa jina la Mungu mara kumi kabla ya chai. Mfanye binti wa hadithi aache kuapa baada ya kuokoka, wala usimtangazie msomaji. Atakayeona ataona.

Lakini nilitaka kukupeleka 1 Samweli 20, kuanzia mstari wa 24. Je, umewahi kuisoma ukiwa na sura yako ya 3 mkononi? Ni karamu ya mwandamo wa mwezi. Mfalme Sauli yuko mezani, Yonathani yuko mezani, kiti cha Daudi ni kitupu. Hasira inamwaka Sauli, na anamtukana mwanawe kwa kupitia mama yake: mwana wa mwanamke mkaidi, mwasi. Baba, mtoto, chakula, na mama anayeingizwa kwenye tusi naye hana kosa. Ni meza yenu ile ile, binti yangu.

Mwandishi ameliandika tusi, fupi. Hakulirudia. Lililomshughulisha ni yaliyofuata: mkuki uliorushwa, na Yonathani akaondoka mezani kwa hasira kali, asile chakula siku ile. Mimi kila nikisoma, tusi hunipita. Chakula kile kisicholiwa ndicho hubaki nacho.

Msomaji Tu

Mimi si mwandishi. Nimesoma uzi huu mara tatu kabla ya kupata nguvu ya kuandika.

Mimi ni yule binti. Kwetu ilikuwa baba wa kambo.

Niliwahi kusoma kitabu kilichoyaandika maneno yale yote, wazi kabisa. Nilikifunga na sikukirudia. Sikuudhika na mwandishi, ila mwili wangu ulikataa. Mikono ilitetemeka kama nimeitwa kutoka chumba cha pili. Nikasoma kingine, cha Kikristo, ambacho baba "alifoka kwa hasira" na baadaye akaombewa. Hicho kiliniumiza zaidi. Kilisema kama walivyosema shangazi zangu: huyo ana hasira tu, mvumilie. Nilihisi mwandishi amekaa upande wao.

Kwa hiyo dada, sihitaji uliandike neno. Neno ninalo tayari, nimelibeba miaka 20. Ninachohitaji ni usiliite hasira. Sema lilikuwa tusi, sema lilimtaja mama, sema wadogo walisikia. Ukisema hivyo nitajua uko upande wangu, na tutaweza kusonga mbele pamoja mpaka kwenye huo msamaha wako.

Mtumwa wa Neno

Dada Msomaji, nimekusoma. Mungu akuponye. Niliandika upesi mno pale juu, nikawaza kinywa cha mwandishi nikasahau masikio ya walioambiwa. Msimamo wangu juu ya tusi la nguoni ni ule ule, lakini sikuwa nimefikiri kwamba kulilainisha nako kunaweza kuwa uongo.

Kalamu ya Usiku

Dada Msomaji, nimelia na wewe. Asante.

Nimeandika upya. Naweka hapa kipande chenyewe, mnihukumu:

*Baba aliweka kijiko chini taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pa kukiweka. "Malaya," alisema, bila kupaza sauti. Kisha akasema lile lingine, lenye mama ndani yake. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye "r" ilikuwa bado inamshinda, alilirudia polepole, kama anavyorudia kila neno jipya. Mama alimziba mdomo kwa kiganja. Kiganja kilikuwa na povu la sabuni. Hakuna aliyeangalia upande wangu.*

Mdogo wangu kulirudia ni kweli. Nilikuwa nimelisahau hilo kabisa, miaka yote. Tusi lenyewe lilipotoka kwenye ukurasa ndipo nikamwona.

Mama wa Wawili

Hili ningemsomea binti yangu wa miaka 14. Angeniuliza maswali, nami ningemjibu.

Mtumwa wa Neno

Neno lile la kwanza ningeliondoa hata hivyo. Lakini nimefika kwenye povu la sabuni nikashindwa kuendelea kusoma kwa muda.

Mhariri wa Zamani

Liache "malaya". Kwa umri wa binti, msomaji anahitaji kusikia anashitakiwa kwa jambo gani. Bila neno hilo atadhani ni kuchelewa tu. Futa "bila kupaza sauti", kijiko kimeshatuambia. Sentensi ya mwisho usiiguse.

Swali moja tu la mwisho. Kwenye sura ya kuuguza, baba akiwa kitandani, anamwitaje binti? Kama meza ya sura ya 3 imefanya kazi, msomaji atafika pale akiwa anasubiri kusikia ataitwa nani.

Kalamu ya Usiku

Sura ya 21. Anamwita kwa jina lake, mara moja, anapoomba maji.

Niliiandika bila kufikiri, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Sasa naona kwamba kabla ya hapo hapaswi kulitaja jina hilo popote, katika sura 20 nzima. Nakumbuka amelitaja angalau sura ya 5 na ya 11. Wacha nirudi kwenye mswada, nianze mwanzo, nimwondolee kila mahali.