Kituo cha umeme kikizimwa, ndani hubaki nini?

Popo_wa_Tanga:
Habari za jioni wakuu. Jirani na kwetu kuna shamba la mkonge lililokufa zamani, jumba lao la jenereta bado limesimama. Jumapili nikaingia. Hamna kitu: bolti zimechomoza kwenye zege, madoa ya oili, na popo. Je, vituo vikubwa vya kulisha jiji zima navyo huishia hivi?

Baharia_Mstaafu:
Mdogo wangu, mimi mtu wa Mombasa ila niko London tangu 1991. Miaka mingi nilienda kazini kwa treni ya kuishia stesheni ya Victoria, na kila asubuhi naipita Battersea. Kilikuwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe, jumba la matofali lenye dohani nne nyeupe. Nusu yake ilizimwa 1975, nusu 1983. Ukikiona kwa mbali ungeapa kesho kinawashwa. Treni ikisogea ndipo unagundua nyuma ya kuta hamna kitu, mawingu tu.

Na paa halikuporomoka, liliezuliwa! Tajiri mmoja alitaka kupageuza mahali pa bembea na michezo. Akaondoa paa na ukuta wa magharibi ili mitambo itolewe, pesa zikamwishia 1989. Basi likabaki sufuria lisilo kifuniko. Mvua ya huku si ya masika ikaisha, ni manyunyu mwaka mzima, na vyuma vilivyokuwa ndani vikapigwa nayo zaidi ya miaka ishirini. Ndege aina ya kozi wakajifanyia viota huko juu.

Lakini chumba cha kuongozea mitambo kilisalimika. Kuta za marumaru ya Italia, saa za vipimo na swichi zimepangwa safu kwa safu. Nilipokiona baadaye nilivua kofia, wallahi, kama nimeingia msikitini.

Fundi_Nondo:
Kwetu hakingefika hata mwaka. Kabla ya kutu huja wezi wa shaba: nyaya, koili, mpaka waya wa ethi. Halafu mafuta ya transfoma, kuna watu wanakaangia chipsi! @Popo, usirudi humo ndani. Vumbi jeupe linalotoka kwenye mabomba ya zamani huenda ni asbesto, nyuzi za madini zinazoharibu mapafu.

Popo_wa_Tanga:
Duh. Asante kaka, nimeoga mara mbili. Mzee Baharia, shikamoo. Zile dohani bado zipo?

Baharia_Mstaafu:
Marahaba. Zipo na hazipo. Walisema nondo zake zimeliwa na kutu, wakazibomoa zote na kujenga nyingine za umbo lilelile. Ya mwisho ilikamilika 2017. Jumba lilifunguliwa Oktoba 2022, sasa ni maduka na ofisi. Ndani ya dohani moja wameweka lifti ya kioo, unalipa unapanda mita 109. Mke wangu alipanda. Mimi nilimngoja chini na kahawa ya bei ya kilo ya nyama.