Nimeitwa teja kwa kuomba dawa niliyoandikiwa na daktari

Wakuu, naandika nikiwa bado kitandani wodini, mkono mmoja umeshika simu na mwingine umeshika chuma cha kitanda, kwa sababu nikisubiri hasira ipoe nitasahau sehemu ya yaliyonipata alfajiri ya leo, nami sitaki kusahau hata neno moja.

Yule muuguzi wa zamu ya usiku mnamjua, sina haja ya kumtaja. Kila aliyewahi kulazwa amekutana naye: yule ambaye viatu vyake husikika tangu mwisho wa korido, anayewasha taa za wodi nzima ili amtazame mgonjwa mmoja, na anayeuliza "Wewe nawe una nini tena?" kabla hujafungua kinywa. Amesimama mbele yangu, mimi niliyepasuliwa mgongo juzi, akasema wagonjwa wengine saba wakisikia: "Unatazama saa kama teja."

Teja! Sijawahi kuvuta hata sigara.

Diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiuno ilichomoza ikabana mshipa wa fahamu, na kwa miezi mitano nimetembea nimepinda kama mundu, maumivu yakianzia kiunoni, yakishuka nyuma ya paja hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Juzi daktari alikiondoa kipande kilichokuwa kikibana, kisha akaandika kwa mkono wake kwenye chati yangu: mofini ya kunywa (dawa kali ya kutuliza maumivu, ya jamii ya afyuni), kila baada ya saa nne maumivu yakiwepo. Dozi yangu ya mwisho nilipewa saa sita usiku. Ukiongeza saa nne unapata saa kumi, na kwa hesabu hiyo hahitajiki teja, hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza. Nilibonyeza kengele saa kumi na dakika tano.

Mofini ya kunywa huchukua kama nusu saa kabla mtu hajaanza kuisikia, na nguvu yake hupungua baada ya saa nne hivi. Kwa hiyo anayengoja mpaka maumivu yampande kichwani ndipo aombe, atakaa nayo nusu saa nyingine hata kama dawa italetwa mbio. Nilikuwa nikitazama saa kwa sababu hiyo tu. Aliniuliza maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, nikamjibu kwamba ni nane, naye akasema mtu mwenye maumivu ya nane hawezi kuzungumza vizuri namna ile. Nilipomwonyesha saa ukutani ndipo aliponiita teja, akazima taa, akaondoka. Dawa imeletwa saa kumi na moja na robo. Dakika zile sabini zilikuwa ndefu kuliko miezi mitano yote ya kuugua, na shuka lilikuwa limelowa jasho kama lililotolewa kisimani.

Lakini si dakika hizo zilizonifanya nifungue uzi huu. Mzee wa kitanda cha jirani, ambaye jana tulizungumza vizuri mpaka usiku, leo asubuhi ameichukua saa yake ya mkononi kutoka juu ya kijikabati tunachotumia pamoja, akaificha chini ya mto wake. Hakusema neno. Nami nililala nikimtazama, siwezi hata kugeuka ubavu, nikijua ni neno la nani lililoipeleka saa ile chini ya mto.

Asiyelala: Pole sana ndugu yangu. Huyo namjua, au kama si yeye basi ni pacha wake. Mimi aliniambia kwamba maumivu ya mgongo hayajawahi kuua mtu, wakati huo nikiwa nimepiga magoti sakafuni kwa sababu kitandani palikuwa hapakaliki. Angeniita teja mimi, hospitali nzima ingeamka.

Mkongojo: Mkuu, nimeusoma uzi wako wote nikitafuta malalamiko juu ya matibabu, nikakuta neno moja tu ambalo umelizunguka kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Ulichelewa kupata dawa kwa saa moja na ushee, basi. Mimi nimesubiri miezi saba kupigwa picha ya MRI, na muda wote huo nilikuwa nikipewa tramadoli tu, nayo ni dawa ya maumivu ya jamii hiyohiyo, nikirudi naongezewa, mpaka siku nilipoiacha ghafla nikatetemeka na kutokwa jasho usiku kucha. Hizo dawa kali mnazozililia haziponyi mgongo. Mwaka 2023 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Australia, ambapo watu wenye maumivu mapya ya kiuno au shingo waligawanywa, wengine wakapewa dawa ya jamii ya afyuni na wengine kidonge kisicho na dawa ndani yake, na baada ya wiki sita waliopewa dawa hawakuwa na nafuu kuwazidi wenzao.

Mwanzilishi wa uzi: Mkongojo, utafiti huo ulihusu watu wenye maumivu ya kawaida ya kiuno, si mtu mwenye jeraha la kisu la siku mbili mgongoni. Na hilo la kutetemeka ulipoacha tramadoli, huo ni mwili uliokwisha kuzoea dawa, jambo linaloweza kumpata yeyote aliyeitumia kwa muda mrefu, na ndiyo sababu huachwa kwa kupunguzwa kidogo kidogo. Uraibu ni kuitamani na kuitafuta dawa hata inapokuangamiza. Aliyesomea uuguzi anapaswa kuijua tofauti hiyo kabla hajafungua kinywa mbele ya watu saba. Sasa hivi mzee amekwenda kuoga, na saa ameivaa mkononi.

Muuguzi wa Zamu: Nimevumilia kusoma lakini sasa nitasema. Neno "teja" silitetei, ni neno baya na hakupaswa kulitamka. Ila ninyi mnadhani mofini inakaa mfukoni mwa aproni. Inakaa kwenye kabati lenye kufuli, na kila tone linaandikwa kwenye daftari, wauguzi wawili wakitia saini. Kabla ya kumpa mgonjwa ni lazima nihesabu pumzi zake, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza kasi ya kupumua na ikizidi huikatisha kabisa, ndiyo maana naloksoni ya kuizima huwekwa karibu. Usiku wa kuamkia jana nilikuwa na wagonjwa thelathini na wawili, mwenzangu akaitwa kusaidia chumba cha mahututi, na hakukuwa na mkono wa pili wa kutia saini. Wagonjwa watatu walinitukana. Na mgongo ninao mimi pia, kwa sababu ya miaka kumi na minne ya kuwageuza na kuwainua ninyi. Sijawahi kufunguliwa uzi wa kupewa pole.

Mwanzilishi wa uzi: Kama tatizo lilikuwa saini, angesema, "Mwenzangu hayupo, vumilia kidogo." Ningevumilia. Sentensi hiyo haina hata maneno matano, naye badala yake alichagua kuniita teja.

Muuguzi Mstaafu: Mwaka 1968 muuguzi Mmarekani, Margo McCaffery, aliandika kwamba maumivu ni kile anachosema mwenye kuumwa, na yapo kila anaposema yapo. Sisi tulifundishwa hivyo darasani. Mgonjwa anayezungumza vizuri anaweza kuwa ndiye anayejikaza kuliko wote, hasa aliyeumwa miezi mitano, maana uso huchoka kulia kabla mwili haujachoka kuumia. Pole mwanangu, na wewe Muuguzi wa Zamu, pole pia.

Asiyelala: Mama, asante. Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya. Dawa hizo hufunga choo. Nilikaa siku sita, tumbo limekaza kama ngoma, na nilipouliza niliambiwa ninywe maji. Siku ya sita nililia zaidi kwa tumbo kuliko kwa mgongo.

Muuguzi wa Zamu: Dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja na mofini tangu siku ya kwanza, kwa sababu maumivu hupungua, usingizi wa dawa huzoeleka, lakini kufunga choo hakuzoeleki. Daktari asipoandika, mimi siwezi kuitoa kichwani mwangu. Mlalamikieni yeye.

Miguu Ganzi: Ninyi mna bahati ya kulumbana kuhusu dozi. Mimi niliwaambia mchana kwamba sehemu yote ninayokalia imekufa ganzi na mkojo hautoki, nikaambiwa nitulie, daktari atapita kesho asubuhi. Ganzi ya mahali hapo pamoja na mkojo kugoma ni dalili kwamba neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa, na mgonjwa hutakiwa kupigwa picha na kupasuliwa haraka iwezekanavyo. Nilipasuliwa kesho yake jioni. Miguu ilirudi. Kibofu hakijarudi mpaka leo.

Mkongojo: Miguu Ganzi, ulimwambia nani, muuguzi au daktari? Na waliandika popote?

Miguu Ganzi: Muuguzi. Nilimwambia mara mbili. Kwenye faili langu hakuna mstari hata mmoja wa mchana huo.

Mwanzilishi wa uzi: Ndugu yangu, pole sana kwa hilo. Wakuu, naomba mnisaidie jambo moja: zamu ya yule aliyeniita teja inaanza tena saa mbili usiku. Nimwambie nini?

Asiyelala: Muuguzi wa Zamu, hujanijibu. Dawa ya choo nilikuwa nimeandikiwa, nimeona kwa macho yangu kwenye chati. Haikuletwa.

Muuguzi wa Zamu: Basi huenda stoo ya dawa ilikuwa imeishiwa, jambo ambalo hutokea, na mgonjwa hunitazama mimi kana kwamba nimeinywa.

Mkongojo: Afadhali ninyi wa choo kisichotoka. Mimi nililetewa beseni la kujisaidia kitandani nisipoweza kusogea, nikaachwa juu yake saa mbili, mpaka ukingo wake ukanichora kiunoni, palepale panapouma.

Asiyelala: Saa mbili? Langu liliwekwa zamu ya usiku, likaja kuondolewa na madaktari wakiwa tayari wanapita asubuhi.