Naomba ushauri: nitajuaje umri wa piano hii ya Broadwood?

Wakuu, habari zenu. Kuna familia Mombasa inauza piano ya zamani ya kusimama, nami naitaka sana kwa ajili ya kwaya yetu hapa Tanga. Juu ya vibonyezo imeandikwa John Broadwood & Sons, London. Mwenye nyumba anasema iliachwa na Mzungu mmoja aliyekuwa na shamba; zaidi ya hapo hajui.

Nimefungua kifuniko cha juu. Kuna namba imegongwa, ila tarakimu ya mwisho imefutika. Nyuzi zote zinashuka sambamba bila kupishana, na vizuia sauti viko juu ya nyundo, vimeshikwa na waya nyingi kama tundu la ndege. Ubao wa mbele una matundu ya skrubu, nadhani palifungwa vinara vya mishumaa. Kwa dalili hizo naikadiria kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Nimekosea?

Vibonyezo vyeupe vina mstari mwembamba wa kiungo, kwa hiyo naona ni pembe za ndovu. Jambo hili linanigusa, maana pembe nyingi zilizopita Zanzibar karne ya 19 ziliishia Connecticut, Marekani, kutengenezewa vibonyezo vya piano.

Je, namba pungufu inatosha kupata mwaka? Mafundi wa kutyuni walizoea kuandika tarehe ubavuni mwa vibonyezo. Nianze kuchomoa vipi nisivunje? Na kuna aliyewahi kuvusha piano yenye pembe mpakani Horohoro, alianzia wapi kuomba kibali cha CITES (mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini)?