Naripoti Monduli wiki tatu zijazo, waliopitia ukadeti naombeni ushauri

Mtoto wa Pangani:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 24, digrii ninayo, JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) nimepita, sasa nimechaguliwa kozi ya maofisa pale chuo cha kijeshi Monduli. Furaha ipo ila usiku silali. Mbio na kwata haziniogopeshi. Kwanza baridi, mimi mtu wa pwani siijui kabisa. Pili, na hili ndo linaniumiza, mama ni mjane ana presha, mimi ndo mkubwa, kila jioni lazima tuongee, dawa zikiisha ananipigia mimi, sasa nikikaa muda mrefu bila simu itakuwaje? Mliwezaje?

Buti Kavu:
Hongera sana mdogo wangu. Baridi ya kule usiidharau, Monduli ni mlimani, Juni na Julai upepo unakata masikio, alfajiri ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Lakini mwili unazoea, kinachomaliza watu ni unyevu. Soksi ikilowa badilisha haraka, kabla ya ruti machi, ile safari ndefu ya miguu, paka mafuta ya mgando kwenye vidole na kisigino, malengelenge yakipasuka kilomita ya tano utatamani kukaa chini ulie. Na goko, mfupa wa mbele wa mguu, likiuma sehemu moja siku kadhaa, hata ukigusa tu linauma, nenda zahanati ukaseme. Usijikaze, mfupa unaweza kuwa unaanza kupasuka na ukikimbilia hivyohivyo unaharibu kozi nzima.

Dada Kombati:
Mdogo wangu, digrii iache getini. Nilikuwa na mwenzetu alikuwa mwalimu huko uraiani, siku ya kwanza kuambiwa apige deki alijiona kadhalilishwa, akawa anajibu wakufunzi, na kila akijibu hanga zima, yaani bweni letu lote, tunaadhibiwa naye. Alikuja kutulia pale mwenzake wa kitanda cha pembeni alipoanza kumwamsha mapema wakatandika pamoja. Wewe tafuta huyo mtu wiki ya kwanza, umsaidie anachoshindwa naye akusaidie.

Nakuru Boy:
Mimi ni wa huku Kenya, kakangu alipitia Lanet, chuo cha maofisa wa jeshi letu. Niwaambie upande wetu wa nyumbani, shida haikuwa kimya chake, shida ni hatukuambiwa kutakuwa kimya. Mamangu alishinda na simu mkononi Jumapili nzima. Mwambie mama mapema, na mwambie zaidi ya mara moja.

Buti Kavu:
Hapo umenena. Mtoto wa Pangani, wiki hizi tatu usizimalizie kwenye mbio, kabidhi kazi ya mama. Una mdogo wako? Aende naye kliniki sasa hivi wewe ukiwepo, ajue dawa gani, tarehe ipi, pesa inatoka wapi. Jirani mmoja awe na namba za ndugu. Ukifika uliza utaratibu wa familia kukufikia kukiwa na dharura, uwatumie kabla simu hazijakusanywa. Huyo mama ndo tunataka awepo siku Amiri Jeshi Mkuu anakutunuku kamisheni, akuone na nyota moja ya Luteni Usu begani.

Mtoto wa Pangani:
Wakuu nimesoma yote nimetokwa na machozi kweli. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha nne, nilikuwa namwona mtoto. Leo jioni nimempa mashine ya presha ampime mama mwenyewe, kakosea mara mbili, ya tatu kapata, kaandika kwenye daftari. Kesho anampima tena, mimi nitakaa pembeni.