Naomba ushauri: maneno ya wakati ya Kiingereza yananiharibia vitenzi

Kalamu_Nyeusi
Wakuu, habari za majukumu. Naandika ripoti na barua pepe kwa Kiingereza karibu kila siku. Msamiati si tatizo. Tatizo ni kwamba panapoingia neno la wakati tu, kitenzi kinaharibika. Hizi ni sentensi ambazo hurudi zikiwa zimesahihishwa:

1. "I have received your letter yesterday."
2. "I am working here since 2019."
3. "When he will come, I will tell him."
4. "Send the report until Friday."
5. "The meeting has been moved forward." Nilikusudia kusema umeahirishwa, wasomaji wakaelewa umewahishwa.

Sitaki orodha ya kukariri. Nataka kujua kosa linatoka wapi ili niweze kujisahihisha mwenyewe. Natanguliza shukrani.

Mama_Sarufi
Ya 1 na ya 2 zina mzizi mmoja, na mzizi wenyewe uko kwenye Kiswahili chako.

Kwetu, kiambishi cha wakati na kielezi havigombani. "Barua yako nimeipata jana" husemwa kila siku wala hakuna anayeshtuka, kwa sababu -me- inatazama hali iliyobaki: barua ninayo mkononi. Kiingereza hakiruhusu hilo. Muundo wa "have received" unadai kipindi ambacho bado kiko wazi na kinagusa sasa hivi. "Yesterday" ni kipindi kilichokwisha fungwa. Ndiyo maana viwili hivyo havikai sentensi moja.

Kwa hiyo geuza utaratibu wako: usianze na kitenzi, anza na neno la wakati. Jiulize, kipindi hiki kimefungwa au kiko wazi? "Yesterday", "last week", "in 2019", "two hours ago" vimefungwa, basi kitenzi ni "received", "went", "saw". "So far", "up to now", "since 2019" viko wazi, basi ni "have received", "have seen". Kuna maneno yanayobadilika kulingana na saa unayoandika. Kama bado ni asubuhi, "I have seen him this morning" ni sawa. Ukiandika jioni, iwe "I saw him this morning", maana asubuhi imeshafungwa.

Sentensi ya 2: "Ninafanya kazi hapa tangu 2019" ni Kiswahili safi, -na- haina kosa. Ukiihamisha -na- hiyo kwa Kiingereza ndipo unapata "I am working". Kiingereza kinataka kitenzi kibebe urefu wote kuanzia 2019 hadi leo: "I have worked here since 2019" au "I have been working here since 2019". Na "since" hufuatwa na mahali pa kuanzia: mwaka, siku, tukio. Urefu wa muda huenda na "for". Usiandike "since three years". Andika "for three years".

Hapohapo pana mtego mwingine. Vitenzi vya tendo la mara moja, kama kufika, kuanza, kufariki, kuoa, havinyooshwi kwa "for". Sisi husema "ameoa miaka mitano sasa", na inaeleweka. "He has got married for five years" ni kosa, kwa sababu kuoa ni tendo la siku moja. Tumia kitenzi cha hali: "He has been married for five years". Au taja tendo lenyewe na ulifunge: "He got married five years ago".

Kuhusu "ago": hukaa baada ya kiasi, na huhesabu kurudi nyuma kuanzia sasa tu. Ukihesabu kuanzia tukio jingine lililopita, "ago" haifai. "When we arrived, he had left two hours earlier", yaani tulipofika alikuwa ameondoka saa mbili kabla.

Fasiri77
Niichukue ya 3. Ndani ya "atakapokuja" imo -ta-, kwa hiyo akili inaona "will" ni lazima. Kiingereza, baada ya "when", "before", "after", "until" na "as soon as", huacha kitenzi katika wakati uliopo hata kama jambo ni la kesho: "When he comes, I will tell him". Wakati ujao umeshatajwa kwenye nusu ya pili ya sentensi, na hiyo inatosha.

Ila usiifute "will" kila unapoona "when". "I don't know when he will come" ni sahihi kabisa. Namna ya kupima ni kuirudisha sentensi kwenye Kiswahili. Ikitoka na -po- au -ki-, yaani "atakapokuja" au "akija", ondoa "will". Ikitoka na "lini", yaani "sijui atakuja lini", iache.

Ya 4 inatokana na "mpaka" na "hadi", ambazo kwetu zinafanya kazi mbili. "Until" ni hali inayoendelea bila kukatika hadi siku fulani: "The office is open until Friday". "By" ni tendo moja linalotakiwa liwe limekamilika, siku yoyote isiyozidi hiyo: "Send the report by Friday". Kama "kufikia Ijumaa" inakaa vizuri, chagua "by". Tofauti huonekana waziwazi kwenye ukanushi. "I won't finish until Friday" ni ahadi: Ijumaa ndiyo nitamaliza. "I won't finish by Friday" ni tahadhari: Ijumaa itafika sijamaliza. Mteja anayesoma barua hizo mbili atapanga wiki yake kwa namna mbili tofauti.

Mhariri_K
Ya 5 ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu sarufi yake haina kosa lolote na bado inapotosha.

Kwa Kiswahili, "mkutano umesogezwa mbele" ni kuahirishwa, tarehe imekuwa mbali zaidi. Kwa Kiingereza "bring forward" ni kuwahisha. Kuchelewesha ni "put back", "push back", "put off" au "postpone". Kwa hiyo "mbele" yetu, hapo, ni "back" yao.

"Move forward" nayo huwachanganya hata wenye lugha. Waambie kwamba mkutano wa Jumatano umekuwa "moved forward two days", na wengine watakwenda Jumatatu, wengine Ijumaa. Lugha yao ina picha mbili za wakati. Katika picha ya kwanza mtu anatembea kuelekea siku zijazo, basi mbele ni Ijumaa. Katika ya pili mtu amesimama na siku ndizo zinazomjia kama foleni, basi siku inayosogea mbele inamkaribia yeye, na hiyo ni Jumatatu.

Halafu kuna saa ya ukutani. Uingereza hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kitenzi ni kilekile, "put back". "Put the clock back an hour" huitoa saa kwenye 2:00 kwenda 1:00. "Put the meeting back an hour" huutoa mkutano kwenye 2:00 kwenda 3:00. Maneno yaleyale, mwelekeo kinyume.

Ushauri wangu: katika barua ya kazi usiiachie "forward" au "back" ibebe tarehe peke yake. Andika "The meeting has been moved from Wednesday to Friday", kisha weka tarehe zenyewe.

Dira
Hukuuliza, lakini kwenye barua zako "bado" na "tayari" lazima zipo.

"Bado hajafika" ina tafsiri mbili. "He hasn't arrived yet" ni taarifa tu. "He still hasn't arrived" inasema nilimtarajia mapema na subira inapungua. Angalia mahali pa kila neno: "yet" huenda mwishoni, "still" hutangulia "hasn't". Ukimwandikia mteja "You still haven't paid", umemlaumu, hata kama hukukusudia.

"Tayari" nayo hugawanyika. "Niko tayari" ni "ready". "Tayari ameshafika" ni "already", nayo hukaa katikati: "He has already arrived". Wamarekani huweza pia kusema "He already arrived" na "I just ate", ambapo Waingereza wengi hupendelea "have". Fuata mtindo wa unayemwandikia.

Kalamu_Nyeusi
Nimeelewa sana, hasa hilo la kipindi kilichofungwa. Nimejaribu mpya, nisahihishieni:

"I have started this project for two months. The training took three days, and I spent two more days to write the report. I finished on time to join the meeting."

Mama_Sarufi
Ya kwanza ni mtego uleule wa kuoa. Kuanza ni mara moja, basi ama "I started this project two months ago", ama "I have been on this project for two months".

"Took" umeiweka sawa. Ungeweza pia kusema "lasted", kwa sababu mafunzo ni tukio lenye urefu wake. Ila "spend" haifuatwi na "to": ni "I spent two more days writing the report". Ukitaka kubaki na "to write", badilisha kitenzi kikuu: "It took me two more days to write the report".

Ya mwisho, "kwa wakati" yetu imekuficha kitu. "On time" ni kwa mujibu wa ratiba, "The bus left on time". Kuwahi kabla jambo halijakupita ni "in time". Kwa hiyo: "I finished in time to join the meeting".