Daraja la tatu la soka la wanawake Ufaransa: ni ngazi au ni kizuizi?

Kocha wa Barani (Malindi)
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Nawafundisha wasichana wanaofanya mazoezi jioni katika uwanja wa Alaskan, na gumzo lao kubwa ni Lyon na PSG, hasa kwa kuwa Tabitha Chawinga, binti wa Malawi, amezichezea timu zote mbili. Juzi mmoja aliniuliza klabu ndogo za Ufaransa hucheza wapi, nikakosa jibu. Nimesoma kwamba mwaka 2023 lilianzishwa daraja la tatu la taifa, Division 3, lakini sijaelewa kwa nini lilihitajika, wala kama limezisaidia klabu ndogo au limezisogeza mbali zaidi na kilele. Naomba mwenye kuelewa anifafanulie.

Bint Shela
Wa alaikum salaam, mwalimu. Hadi msimu wa 2022/23, daraja la pili lilikuwa na klabu 24 katika makundi mawili, na chini yake hakukuwa na kitu ila ligi za mikoa. Timu ya mkoani iliyopita katika mchujo ilijikuta ghafla imo pamoja na klabu zinazowania kupanda ligi kuu. Shirikisho likalipunguza daraja la pili hadi klabu 12 za kundi moja, kisha likaweka chini yake klabu 24 katika makundi mawili, na hilo ndilo daraja la tatu. Ukijumlisha na 12 za ligi kuu, klabu zinazocheza ngazi ya taifa zimeongezeka kutoka 36 hadi 48. Kwa maoni yangu hiyo ni ngazi, kwa sababu timu changa sasa inapata mahali pa kukomaa kabla ya kukutana na vigogo.

Winga Mstaafu
Dada yangu, hesabu yako ni sahihi, lakini umeacha nauli. Kundi la timu 12 lina mechi 22, na 11 kati yake ni za ugenini. Nchi nzima ikigawanywa mara mbili tu, timu iliyozoea kucheza na majirani wa mkoa wake hulazimika kuvuka nusu ya Ufaransa. Tena, tangu Julai 2024 madaraja mawili ya juu, ambayo sasa yanaitwa Première Ligue na Seconde Ligue, yanasimamiwa na ligi ya wanawake wa kulipwa, ilhali la tatu limebaki mikononi mwa shirikisho. Mstari baina ya wenye nacho na wasio nacho umepigwa hapo hapo. Tazama klabu zilizoishi bila kuegemea timu ya wanaume: Juvisy, pamoja na ubingwa wake mara sita, iliingia ndani ya Paris FC mwaka 2017, na Soyaux, mabingwa wa 1984, walishuka kutoka ligi kuu mwaka 2023 na fedha zikawaishia.

Bint Shela
Soyaux hawakuangushwa na daraja la tatu, kaka. Hawakuwahi hata kulicheza. Hata hivyo, nakubali kwamba waliopanda ligi kuu mwaka 2025, Lens na Marseille, wote wana timu za wanaume nyuma yao.

Kocha wa Barani (Malindi)
Nawashukuru nyote. Safari moja ya kwenda Mombasa, ambayo ni kilomita mia na ushei, huwa tunaichangisha kwa wazazi majuma mawili kabla, na mwaka jana tuliwahi kuwapa wenyeji ushindi wa mezani kwa kukosa gari. Kwa hiyo zile safari 11 zimeniingia akilini upesi kuliko zile klabu 48. Kesho jioni nitamchorea yule binti madaraja yote mchangani, kuanzia mkoani hadi Lyon.