Uzamili wa ukunga pamoja na uuguzi wa watoto: ni cheti kimoja au viwili?

Nesi_Uyole
Habari zenu wakuu. Nina shahada ya uuguzi, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, nipo leba hapa Mbeya. Nataka kubobea ukunga na uuguzi wa watoto, vyote ngazi ya uzamili. Vyuo vya Marekani naona vinatangaza masomo ya ubobezi pacha. Ukimaliza unapewa cheti kimoja au viwili? Na kwa hapa nyumbani njia ikoje?

Mkunga_Iringa
Dada, ni viwili. Kule mkunga anathibitishwa na AMCB, muuguzi bingwa wa watoto na PNCB, na kila bodi ina mtihani wake, ada yake na utaratibu wake wa kuhuisha. Upacha uko kwenye ratiba ya masomo tu. Tena soma tangazo hadi mwisho, maana mengi yanaunganisha ukunga na afya ya wanawake, au ukunga na afya ya familia. Ukunga na watoto ni nadra kuwekwa pamoja.

Njia iliyozoeleka ni kumaliza uzamili wa ukunga, kisha kuongeza cheti cha baada ya uzamili upande wa watoto. Chuo kinapitia transkripti yako (orodha ya masomo na alama zako) na kukuondolea ulichokwisha kusoma, hasa patofiziolojia, famakolojia na upimaji wa mgonjwa, mradi viwe vya ngazi ya uzamili. Watu wanakwama kwenye saa za vitendo. Saa za leba hazihamii kliniki ya watoto, na PNCB wanataka zisizopungua 500 zenye msimamizi. Kwa hiyo usitarajie cheti cha pili kuwa cha miezi michache.

Transkripti_Kwanza
Kabla ya hayo yote kuna leseni ya uuguzi ya Marekani. Bila hiyo hakuna bodi itakayokupokea. Mtihani wake ni NCLEX-RN, maswali 85 hadi 150 ndani ya saa tano.

Majimbo mengi yanataka vyeti vyako vitathminiwe kwanza, na hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Watathmini wanatafuta saa za darasani na za vitendo kwa kila eneo peke yake: watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto, afya ya akili. Transkripti ikisema "Uuguzi II" tu, hawana cha kuhesabu. Mbaya zaidi ni uzazi na magonjwa ya wanawake kuwekwa kwenye somo moja, kwa sababu magonjwa ya wanawake hayahesabiwi kwenye uzazi. Nenda ofisi ya usajili ya chuo chako, omba mchanganuo wa mtaala wenye saa zilizotenganishwa, wautume wao wenyewe moja kwa moja. Ukiubeba mkononi unakataliwa.

Wodi_ya_Watoto_Njombe
Mimi ningeanza na swali jingine: unamtaka mtoto wa umri gani? Ukunga wa Marekani tayari unamhudumia mtoto mchanga hadi siku 28. Kama kinachokusumbua ni mtoto asiyepumua vizuri, mwenye uzito pungufu, au anayeshuka chini ya 36.5°C kwenye baridi ya Makete ya Juni na Julai, hiyo ni kazi ya mkunga aliyeongezewa mafunzo ya watoto wachanga. Huhitaji bodi ya pili. Uuguzi wa watoto unakufaa ukitaka kushika nimonia ya mtoto wa miezi minane, utapiamlo mkali, selimundu, pumu, hadi vijana wakubwa.

Kwa hapa nyumbani, MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili) wana uzamili wa ukunga na afya ya wanawake. Kwa watoto, Chuo Kikuu cha Nairobi kina mkondo wake. Ukisoma nje, tuzo yako ipitie TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa utambuzi, kisha uende Baraza.

Nesi_Uyole
Asanteni sana. Nawataka hadi miaka mitano, si wachanga peke yao. Na mwajiri je?

Mkunga_Iringa
Basi vyote viwili vinakuhusu. Anza na ukunga. Kwa mwajiri, hakikisha umethibitishwa kazini na jina lako limeingia kwenye mpango wa mafunzo kabla hujaomba chuo. Muulize Katibu wa Afya kwa maandishi kama uzamili wa pili utatambuliwa kwenye muundo wako wa utumishi. Jibu la mdomo halitakusaidia ukirudi ukute ofisi ina mtu mwingine.